Mita Mia Tatu na Arobaini

Watu walimwita Kisu, na mgeni aliyelisikia jina kabla ya kumwona mwenyewe alijiandaa kukutana na jambazi. Alichokikuta ni mtu mpole, mwenye kitambi cha kiasi na kofia iliyopauka, ambaye hata kuku wa nyumbani kwake akitakiwa kuchinjwa ilibidi aitwe jirani. Jina lilitoka kazini. Alikuwa dereva wa greda, ile mashine ndefu ya njano yenye kisu cha chuma chini ya tumbo, kinachokwangua barabara ya changarawe mpaka inyooke. Kwa miaka kumi na minane hakuna mtu katika yadi nzima aliyekishusha kisu hicho kwa ustadi kama wake. Walisema angeweza kukwangua barabara yenye yai katikati na yai lisipate ufa. Hiyo ni chuku, bila shaka, ila mwenyewe hakuwahi kuikanusha.

Aibu yake ilikuwa moja tu, na bahati mbaya ilikuwa hadharani. Barabara namba 417, inayotoka barabara kuu hadi mtaani kwao, aliikwangua vizuri mpaka akafika kwenye duka la kona, kilomita sita na mita mia mbili kamili. Hapo aliinua kisu, akageuza greda, akarudi alikotoka. Mbele ya duka barabara iliendelea kama kawaida, mashimo kwa mashimo, ikapita nyumba kumi na tisa na kuishia kwenye lango la mama mkwe wake. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya pili kabla ya lango hilo. Mganga hajigangi, majirani walimwambia, na walimwambia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kosa lilikuwa la rejista. Barabara za nchi zina ukoo kama watu. Wakubwa ni wenye namba ya tarakimu moja, wanaounganisha miji mikuu na mipaka. Hao wana lami, mistari myeupe na vibao vinavyong'aa. Wanafuata wenye tarakimu mbili, wa kutoka mji hadi mji. Wenye tarakimu tatu ni barabara za wilaya, wapate greda mara moja au mbili kwa mwaka na washukuru. Na chini kabisa kuna njia zisizo na namba, ambazo serikali haizijui kwa jina wala kwa sura. Rejista ilisema 417 ina urefu wa mita elfu sita na mia mbili. Mita mia tatu na arobaini zilizobaki, pamoja na watu waliozikalia, hazikuwepo.

Mwaka mmoja Kisu alijifanya kasahau kuinua kisu. Msimamizi wa yadi akamwandikia barua ya onyo: "Umetumia dizeli ya serikali kukwangua barabara isiyokuwepo." Kisu aliisoma barua hiyo akiwa kibarazani kwake, huku akilitazama lori la mchanga lililokuwa limekwama tangu asubuhi kwenye barabara isiyokuwepo.

Mama mkwe wake hakuwa mtu wa kunyamaza. "Nimemwoza binti yangu kwa mwanamume mwenye kisu," aliwaambia majirani, "kumbe kisu chenyewe kinaogopa duka." Lakini ukali wake halisi aliuweka kwa mtu mwingine, yule aliyepima barabara miaka ishirini na mmoja iliyopita. "Alikuwa kipofu au alikuwa mlevi," alisema kila mvua ziliponyesha. "Popote alipo, mashimo haya yamfuate."

Kisu, aliyekuwa akila mezani pake mara nyingi maneno hayo yanaposemwa, aliinamia sahani. Mashimo yalikuwa yamemfuata mpaka kwenye chakula.

Maana aliyepima ni yeye. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, kibarua wa siku, na kazi yake ilikuwa kusukuma gurudumu la kupimia: gurudumu moja lenye mpini mrefu na kisanduku kidogo kinachohesabu mita. Karani wa vipimo alikuwa amebaki kwenye gari akiuguza jino. Kijana akasukuma gurudumu lake kwa uaminifu kilomita sita na mita mia mbili, akafika kwenye duka la kona, na hapo akatoka msichana amebeba mfuko wa unga wa kilo kumi. Kijana akaupokea mfuko. Mkono mmoja ukashika unga, na gurudumu akalitupia begani. Wakatembea polepole sana, kwa sababu mfuko ulikuwa mzito, au ndivyo walivyokubaliana. Karibu na lango msichana akachukua unga wake, akaingia ndani, na kijana akarudi kwenye gari akielea.

"Umefika mwisho?" karani aliuliza, shavu limevimba.

"Nimefika mwisho," kijana akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Karani akasoma kisanduku, akaandika 6,200. Alipogutuka usiku ule kwamba gurudumu lilikuwa begani, kijana alijiambia kwamba mita chache hazimwui mtu, na isitoshe kibarua anayekiri kosa kesho yake hana kazi. Baadaye msichana yule akawa mke wake, kwa njia zote za heshima, wazee wakatumwa na wakapokelewa. Mama mkwe aliambiwa kwamba vijana hawa walikuwa hawajawahi kusimama pamoja hata dakika moja. Alipenda sana kulirudia jambo hilo kwenye harusi za watu wengine.

Siri ilikaa vizuri mpaka mvua zilizopita. Asubuhi moja mama mkwe alipanda pikipiki kwenda zahanati kupimwa shinikizo la damu. Hakufika hata dukani. Pikipiki iliingia kwenye shimo kubwa lililo mbele ya nyumba ya fundi cherehani, mama akaanguka, goti likaumia. Tangu siku hiyo alitembea na bakora. Kisu ndiye aliyembeba kumtoa shimoni, na kikongwe alipokuwa akiugulia mikononi mwake akimlaani mpimaji, Kisu alilia. Watu wakasema, mkwe gani huyu mwenye huruma. Kumbe mtu alikuwa anaona aibu ya shimo lake mwenyewe.

Ndipo Jumatatu moja mhandisi akaja yadini kutoka makao makuu. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye buti safi na faili nene, na alikuja na habari njema: 417 imepanda daraja. Magari yameongezeka, kuna zahanati, kuna shule. Sasa itakuwa barabara ya tarakimu mbili, namba 58, na itawekwa lami.

"Mpaka wapi?" Kisu aliuliza.

Mhandisi akafungua faili. "Mpaka mwisho wake. Kilomita sita na mita mia mbili."

Kisu akamweleza kwamba barabara haiishii pale. Mhandisi akasema anaona, ana macho, lakini lami hufuata rejista, haifuati macho. Iko fomu ya masahihisho, na inataka mambo mawili: sababu ya tofauti, na shahidi aliyekuwepo siku ya kipimo cha kwanza. Vinginevyo watu waombe upya kama njia mpya, na foleni ya maombi mapya ilikuwa ya miaka sita. Karani alikwishatangulia mbele ya haki. "Keshokutwa saa nne nitakutana na wananchi pale dukani," mhandisi akasema. "Kama yupo anayejua, aje."

Kisu alirudi nyumbani mchana, akamkuta mkewe akipiga pasi. Akamwambia kila kitu. Mkewe aliiweka pasi pembeni taratibu.

"Baba watoto, unataka kunivua nguo mbele ya mtaa?"

Hofu yake ilikuwa na msingi. Mke wa Kisu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, na sifa yake kubwa ilikuwa kuwakaripia mabinti wanaosimama njiani na wavulana. Hata msemo alikuwa nao, ambao watoto wote wa mtaa waliujua kwa moyo: barabara ni ya kupita, si ya kusimama.

"Lakini sisi hatukusimama," Kisu akasema. "Tulitembea."

"Mama yangu hatapokea hiyo."

"Mama yako akianguka tena, mimi nitasema nini? Mficha uchi hazai, mke wangu."

"Basi zaa wewe peke yako," mkewe akasema, akachukua pasi. Siku mbili hawakuzungumza ila kuhusu chumvi.

Jumatano saa nne watu walijaa dukani. Mama mkwe aliketi mbele kabisa, kwenye kiti chake mwenyewe alichokuja nacho, bakora kati ya magoti. Mkewe Kisu alisimama nyuma na wanakikundi wenzake. Mhandisi akaeleza habari ya lami, watu wakapiga makofi. Akaeleza inapoishia, makofi yakakatika. Kisha akauliza kama yupo mtu aliyekuwepo siku ya kipimo.

"Kama yupo ajitokeze," mama mkwe akasema. "Nina neno naye la miaka ishirini na mmoja."

Kisu alivua kofia. Miguu ilimwambia arudi kwenye greda, lakini macho yake yaliangukia lile goti lililofungwa bandeji. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyesukuma gurudumu."

Hata muuza duka aliacha kupima sukari.

"Lilifika hapa dukani," Kisu akaendelea, "kisha nikalibeba begani mpaka mwisho. Kwa hiyo halikuhesabu."

Mhandisi aliandika upesi. "Kwa nini ulilibeba?"

Kisu akamwangalia mhandisi, akaangalia mbingu, akaangalia kofia yake. Alikuwa tayari kujivua nguo yeye, lakini si mkewe. "Mkono haukuwa na nafasi," akasema mwishowe.

"Ulikuwa na nini?"

Kisu akaikunja kofia mkononi. Mhandisi akaweka kalamu chini, akasema kwa upole kwamba fomu bila sababu haipokelewi. Kisu akafunga mdomo kama mlango wa benki Jumapili, na lami ilikuwa inaondoka mbele ya macho ya watu wote.

"Alikuwa amenibebea unga," sauti ikatoka nyuma. Mkewe alikuwa anapita katikati ya wanakikundi, uso umemwiva, akitazama mbele moja kwa moja. "Kilo kumi. Kutoka hapa mpaka karibu na lango. Aliyekuwa naye njiani ni mimi."

Binti mmoja aliyewahi kukaripiwa alikohoa. Mama mkwe aligeuka kwenye kiti chake akamtazama binti yake, kisha mkwe wake, kisha binti yake tena. Hesabu ilimchukua muda.

"Siku ile ulisema dukani kulikuwa na foleni," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na nikawaambia watu wote nina binti mwenye nguvu, kabeba kilo kumi na hakutoka hata jasho."

"Ndiyo, mama."

Kikongwe akamgeukia Kisu. Kisu alipiga magoti palepale kwenye vumbi. "Mama, lile shimo lililokuangusha ni langu. Nimelijua tangu siku ile nilipokutoa humo, nikanyamaza. Nisamehe."

Mama mkwe akazungusha bakora. "Yale ya mpimaji niliyoyasema," akasema, "nilimsema mtu nisiyemjua. Wewe nakujua, na kipofu hukuwa." Akafikiri. "Ulevi ulikuwepo. Inuka. Mhandisi, una hilo gurudumu?"

Mhandisi alikuwa nalo garini.

"Mpe apime tena. Na mimi nitakwenda naye, nihakikishe habebi chochote cha mtu."

Basi mtaa mzima ukaona. Kisu anasukuma gurudumu, mama mkwe kamshika mkono wa kushoto na kuegemea bakora kulia, mhandisi nyuma na faili lake. Mkewe alitembea ukingoni mwa barabara, mbali kidogo, kwa heshima zote. Mbele ya nyumba ya fundi cherehani Kisu akataka kulikwepa lile shimo kubwa.

"Pita humo humo," mama mkwe akasema. "Nalo ni barabara."

Gurudumu likashuka, likapanda. "Lami inaweza kuchelewa," kikongwe akaongeza. "Hili utalifukia leo, kwa koleo, mimi nikiwa nimekaa hapa natazama."

"Ndiyo, mama."

Wakaendelea. Karibu na nyumba yake Kisu alijisahau, akageuza shingo kumtazama mkewe, na mkewe, mwenyekiti mzima, akacheka. Bakora ikagonga mpini wa gurudumu.

"Tazama mbele, baba. Ulishatazama ya kutosha. Barabara ni ya kupita."

Langoni kisanduku kilisoma mia tatu arobaini na tatu. Mhandisi akatoa tatu kwa ajili ya mashimo, akaandika mia tatu arobaini, Kisu akatia sahihi. Ukabaki mstari mmoja mtupu, wa sababu ya tofauti, na hapo mhandisi akakwama. Siwezi kuandika unga, akasema. Makao makuu watadhani nawafanyia mzaha.

"Andika ndoa," mama mkwe akasema, akifungua lango. "Huko makao makuu nao wana wakwe. Wataelewa."

Mhandisi akaandika ndoa, akagonga muhuri juu ya faili. Mama mkwe akaagiza kiti chake kiletwe kutoka dukani, na Kisu akaingia nyumbani kwake kutafuta koleo.