Maiti ya Misri Ilivyofika Molo

Jamani, kisa hiki nilikificha kwa aibu, lakini Molo nzima (hii ya kwetu Tororo, Uganda, si ile ya Kenya) bado wanakisimulia na kila anayesimulia anakiharibu, basi bora mkisikie kwangu mwenyewe.

Mimi kazi yangu ni ya makumbusho. Nilisomea mambo ya Misri ya kale, ndimi ninayetunza vitu vya huko na kupanga maonyesho (nyumbani walishachoka kuuliza, wao husema tu Athieno ni daktari wa watu waliokwisha kufa). Mwaka jana tukaazimwa sanamu ya maiti ya Kimisri kutoka Nairobi, si maiti ya kweli, ni mbao nyepesi na vitambaa, tuwaonyeshe wanafunzi wa Tororo, na Barasa, mchumba wangu wa upande wa Kenya, akajitolea kuibeba kwa pikapu yake. Tukapanga tupitie nyumbani Molo kwanza wazazi wamwone, maana walikuwa wanamsikia tu.

Sasa sanduku la sanamu likakataa kuingia pamoja na mbao za maonyesho, nami nikasema, cha kuogopa si ni vumbi tu, tuizungushie shuka nyeupe, tufunge kamba, twende. Uamuzi mdogo kabisa huo.

Mpakani Busia maofisa walikagua, wakacheka, wakaturuhusu. Tukiwa tunasubiri malori yatupishe, akaja Mama Owor, jirani yetu wa Molo anayeuza vitunguu pale, akachungulia nyuma ya pikapu, akashika mdomo.

"Pole sana, mwana wangu."

Kwa jinsi jua lilivyotuchoma, nikaona ni pole ya safari. "Asante, mama."

"Ni ile ya Kenya?"

"Ndiyo, imetoka Kenya."

"Mnapeleka nyumbani?"

"Leo nyumbani, kesho Tororo mjini."

Akanishika mkono, akaondoka akifuta macho, nami (na masomo yangu yote) nikamwambia Barasa watu wa kwetu wana upendo. Simu yangu ilikuwa imezima. Ya Mama Owor ilikuwa na chaji ya kutosha.

Kufika Molo, turubai limefungwa, mabenchi ya kanisa yamepangwa, katekista amevaa kanzu, na wanawake walipoiona ile shuka wakaangua kilio kwa pamoja. Nikashuka mbio, nikidhani baba amekufa, mpaka nikamwona baba mwenyewe akibishana na wazee kama mkwe ambaye hajaleta hata ng'ombe mmoja anaweza kuzikwa karibu na nyumba au apelekwe kule kwenye mihogo. Mama akanikumbatia. "Mwanangu, hata uso wake hatukuuona."

Kabla sijafungua mdomo, wanaume wakaushika "mwili", wakauinua kwa nguvu za kuinua mtu mzima, ukaruka juu nusura uwaponyoke.

"Alikonda hivi?" mmoja akauliza. "Kenya hakuna chakula?"

Shuka ikateleza, ukatokea uso wa dhahabu, macho makubwa yamepakwa wanja, yanawatazama. Wakaubwaga pale pale, pua ikamegeka (kuieleza hiyo ofisini ni mkasa mwingine), kila mtu akashika njia yake, katekista akiwa mbele.

Mama hakukimbia. Aliutazama ule uso, akanitazama mimi.

"Athieno, huyu ndiye alitaka kukuoa?"

Barasa, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa gari na kreti ya soda aliyowaletea, akakohoa kidogo. "Hapana, mama. Marehemu ni mimi."

Baba akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta benchi la kukalia, nasi sote tukamfuata. Chakula cha matanga kilikuwa kimeiva, kikaliwa. Katekista alirudi, akatuombea uchumba. Wazee wakampa Barasa kiti, wakamuuliza habari za ng'ombe, wakasema mtu aliyeponea kaburini hana sababu ya kuomba apunguziwe, naye (maskini) akakubali kila kitu.

Tumeshaoana sasa, na bado kule wanamwita Marehemu, naye anaitika. Mimi nimeapa: kitu chochote kirefu kuliko jembe siendi nacho nyumbani kabla sijampigia mama simu, na nikimaliza kumweleza, namwambia arudie nilichosema.