Aliyeshika Ishirini Bila Kutetemeka

Kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Nimechoka mimi. Kila nikisimulia jambo hili, mtu ananiuliza nilikunywa waragi chupa ngapi. Sinywi! Bibi yangu alikuwa anafundisha watoto Kurani pale Kisenyi, angenivunja miguu yote miwili. Wengine wanasema ilikuwa malaria. Malaria gani hiyo inayojua kusoma kibao cha gereji kutoka juu ya kilima? Yalinitokea mimi, kwa macho haya, saa kumi ya alasiri, jua limetoka. Ndiyo, alasiri. Hata adabu ya kungoja giza huyo mgeni wangu hakuwa nayo.

Ilikuwa wakati ule wa jeshi. Wahindi wamefukuzwa, maduka yao wamepewa watu wenye tepe, watu wenye nyota, na mashemeji zao. Duka nililofanya kazi lilikuwa Old Kampala, duka la vitu vya wawindaji: visu, tochi, mahema, na kabati zima la darubini. Aliyepewa ni sajenti mmoja. Jina lake silitaji, sote tulimwita Afande, basi. Afande alijua darubini kama mimi ninavyojua kuendesha ndege. Alizipanga kama askari, kwa ukubwa wa namba. Saba kwa hamsini, huyo kurutu, rafu ya chini kabisa na vumbi lake. Nane kwa arobaini, koplo. Kumi kwa hamsini, sajenti mwenzake. Halafu ishirini kwa sitini, huyo jenerali: rafu ya juu, peke yake, ndani ya boksi la ngozi.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini miezi minne dukani ilinitosha kujua kwamba jenerali yule ni bure. Ngoja nikueleze, usije ukanunua upuuzi. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele, na hicho ndicho kinachokusanya mwanga. Mwindaji anataka mwanga, kwa sababu wanyama wanatembea alfajiri na jioni. Tena anataka utulivu. Sasa darubini inayovuta mara ishirini, unafikiri inavuta mnyama peke yake? Inavuta na mtetemo wa mkono wako mara ishirini. Inavuta pumzi zako. Inavuta mpaka mapigo ya moyo! Ukiishika bila kuegemea kitu, tembo anacheza dansi. Shika saba, tembo anatulia, unamhesabia kope.

Chini ya kaunta kulikuwa na kadi iliyoandikwa kwa penseli: "Usiuze darubini mpaka mteja asome kibao." Kibao chenyewe ni cha gereji, kule bondeni Kisenyi. Mstari wa kwanza herufi kubwa, wanatengeneza radiata. Wa pili wa wastani, na breki pia. Chini kabisa, herufi kama siafu, jina la mchoraji. Mteja anasimama barazani, viwiko hewani kama atakavyosimama porini, anasoma. Wakubwa wote walitaka ishirini, na wote mstari wa tatu uliwashinda. Lakini mkubwa anashindwa? Kapteni mmoja alinigeukia akaniambia, "Weye, nenda ambia hao watu washike hiyo kibao, inatikisika!" Naapa kwa Mungu. Nikamjibu, "Ndiyo afande, ni upepo wa Kisenyi."

Kadi ile iliandikwa na kijana aliyekuwa dukani kabla yangu, anaitwa Yasini. Sikuwahi kumwona. Afande alisema alikwenda naye kuwinda, simba akamla, hakikubaki hata kiatu. Mimi nikarithi kazi yake na koti lake la dukani, la kahawia. Zuri, ila lilinibana mabegani, na mgongoni upande wa kushoto lilikuwa na kiraka. Nilimuuliza Afande kiraka cha nini. "Panya," akasema.

Panya. Kumbuka hilo neno.

Sasa Jumamosi moja mchana, Afande akaingia na furaha zake. "Kesho asubuhi weye nakwenda na mimi kuwinda. Weye napita ndani ya majani, nafukuza nyama. Mimi napiga. Vaa hiyo koti, iko rangi ya majani kavu, nyama haitaona weye."

Nikamuuliza, "Na wewe Afande, utaniona?"

"Mimi iko na ishirini!" Akacheka, akaondoka.

Moyo wangu haukucheka. Nimezaliwa mjini mimi, nyama naijua ya buchani. Lakini ungemkataa askari wakati ule? Wewe? Kwa mdomo upi?

Mvua ikanyesha, ikakatika. Kwenye baraza la jirani Mama Zaituni alikuwa kwenye cherehani yake, mama mmoja mtu mzima, fundi wa nguo wa mtaa mzima. Mimi niko kwenye kaunta nawaza simba. Akaingia kijana mrefu, shati jeupe, meno ya mbele ana pengo.

"Asalaam aleikum."

"Wa aleikum salaam. Karibu kaka."

"Nataka darubini ya kuwinda."

Nikamletea kurutu wangu, saba kwa hamsini, nikaanza na maneno yangu ya biashara. Hakuitazama. Akaonyesha kidole rafu ya juu. "Ile."

"Kaka, ile inatetemeka."

"Najua."

"Sasa unajua, na bado unautaka ujinga?"

Akatabasamu, pengo likaonekana. "Lete tu, ndugu yangu."

Nikampa, tukatoka barazani. Nikasimama ubavuni kwake nikingoja kucheka. Mtu akishika ishirini, wewe uliye pembeni unaona ncha za mbele zinavyorukaruka kama mkia wa mbuzi. Za huyu hazikuruka. Niamini. Darubini ilitulia kama imepigiliwa misumari hewani. Akasoma radiata. Akasoma breki. Akasoma jina la mchoraji, herufi kwa herufi, bila kuhema.

Nikamwambia, "Wacha wewe! Umepita pale chini ukakariri."

"Chini ya jina kuna vitone vitatu vya penseli," akasema, darubini bado iko machoni. "Niliviweka mwenyewe, ili niwajue waliokariri."

Nilidhani anatania. Nikaipokea darubini nifute vioo, ndiyo kawaida yangu, kwa sababu baada ya mvua jicho la mtu linaacha ukungu kwenye kioo. Hapakuwa na ukungu. Kioo kikavu, cha baridi kama chupa ya soda iliyolala kwenye barafu. Nikamtazama kifua. Shati halipandi, halishuki.

"Kaka," nikasema, na sauti yangu sasa imekuwa ya mtoto wa darasa la kwanza, "mbona mkono wako hautetemeki?"

"Utetemeshwe na nini?"

Ungejibu nini hapo? Mimi nikauliza swali la kijinga, maana mdomo wangu hata ukiogopa haufungi. "Kwani unawinda nini?"

"Mtu anayepiga kabla hajaona."

Akanishika bega, akanigeuza taratibu, akaweka kidole kimoja mgongoni kwangu, juu ya kiraka. Kidole kilipita koti, kikapita shati, baridi yake niliisikia kwenye mfupa. "Hapa alikuambia ni nini?"

"Panya."

"Panya," akasema. Akaondoa kidole. "Kesho usilivae." Akaichukua darubini mikononi mwangu, akaivaa shingoni, akaanza kushuka ngazi.

"Kaka, rudisha! Afande akiikosa ataniua!"

Hata hakugeuka. "Akiwa nayo ndipo atakuua."

Nikaruka ngazi zote tatu kwa mara moja. Barabara ilikuwa nyeupe, imenyooka mpaka konani, hakuna mtu wala mbwa.

Nikamkimbilia Mama Zaituni. "Mama, umemwona huyo mtu kaenda wapi?"

"Mtu gani? Nimekuona wewe, mwanangu, umesimama unabishana na nguzo."

"Mrefu! Shati jeupe! Ana pengo hapa mbele!"

Cherehani ikanyamaza. Mama yule akaniangalia, machozi yakaanza kushuka bila sauti. "Yasini," akasema. "Kiraka hicho nilikishona mimi. Afande aliniletea koti lina damu, akaniambia ni panya, shona, na ukisema neno, nyumba yako naijua. Mwanangu, panya hatoboi tundu moja la duara."

Umesikia? Miezi minne! Miezi minne nimevaa koti la maiti, nimelipiga pasi, nimelisifia mbele ya wasichana! Na simba wa watu amesingiziwa bure. Nilishuka mbio mpaka Kisenyi, nikapanda pipa, nikatazama kile kibao kwa pua. Chini ya jina la mchoraji, vitone vitatu vya penseli. Mafundi wananiuliza unatafuta nini, mimi nalia. Sikulia kwa woga. Nililia kwa hasira. Nilielewa yote. Yasini alimwambia Afande kwamba ishirini inatetemeka, Afande akaona katukanwa. Akaenda na jenerali wake porini, kitu cha kahawia kikamchezea dansi kwenye vioo, akapiga. Halafu akaokota koti, akaliosha, akanivalisha mimi, ili kesho anione nami nikicheza dansi.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nikimbilie wapi? Afande alikuwa anaujua mlango wa bibi yangu. Asubuhi nilivaa shati langu la kuchezea mpira, jekundu kama pilipili, nikaenda.

"Koti iko wapi?"

"Nimelifua, Afande. Bado bichi."

"Na ishirini?"

"Imepata mteja."

Alinipiga kofi moja, nikaona nyota ambazo hata yeye jeshi lilikuwa halijampa. Akachukua saba kwa hamsini, anamtukana kurutu wa watu, tukapanda Landrova tukaenda.

Porini majani yalinifika kidevuni. Yeye alisimama juu ya boneti na bunduki, mimi nikaambiwa nizunguke mbali nikipiga debe. Nikazunguka. Nikapiga. Nilipogeuka, bunduki ilikuwa imenielekea mimi. Si karibu yangu, mimi! Majani yametikisika, na kwake yeye kinachotikisika ni nyama. Nilijua nimekwisha.

Halafu sijui nani alimtia akili, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake Afande alishusha bunduki, akainua darubini ili atazame kwanza. Saba, ile iliyotulia. Akatazama. Akaendelea kutazama. Niliona mdomo wake unafunguka.

"Nani hiyo nyuma ya weye?"

Nikageuka. Majani tu. "Hakuna mtu, Afande!"

"Iko! Yeye nashika ishirini! Yeye naangalia mimi!" Sauti ilimpasuka. "Mkono yake haitikisiki!"

Hapo hasira yangu yote ikapanda ikakaa mdomoni. Mtu ana bunduki, mimi nina debe, lakini nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka: "Ni Yasini, Afande? Basi muulize panya wako wapi!"

Bunduki ikaanguka. Yeye akateremka, akakaa chini kwenye tairi, mikono inamruka kama kuku aliyechinjwa. Dereva nikawa mimi, na sijawahi kujifunza. Tulirudi kwa gia moja.

Mikono ile haikutulia tena. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni, vifungo vya shati alifungiwa na mkewe. Kabla mwezi haujaisha aliliacha duka, likapewa mwingine. Alishitakiwa? Wapi! Kwenye makaratasi yao mpaka leo Yasini kaliwa na simba. Hilo ndilo linalonichoma, si mzimu. Mzimu alikuwa na heshima zake.

Koti nililipeleka kwa mama yake Yasini, Namuwongo, karibu na reli. Mama Zaituni alikuja nami, na kiraka akakifumua mwenyewe, uzi kwa uzi. Mama wa Yasini akapitisha kidole kwenye tundu. Mpaka siku ile alikuwa hajui amlilie mwanawe au amngoje. Tukaliweka koti kwenye sanda, tukalizika kwenye kaburi la urefu wa mtu, shehe akasoma. Haikuwa sheria, shehe mwenyewe alisema. Lakini alisoma.

Darubini ile haikurudi. Na mimi tangu siku hiyo sehemu moja mgongoni, upande wa kushoto, haipati joto, hata nikikaa na mgongo kwenye jiko.

Basi wewe unayetaka darubini ya kuwinda, chukua saba, chukua nane, tazama kwanza ndipo uguse bunduki. Wauzaji wakikusifia ishirini, toka barazani, viwiko hewani, uone kama moyo wako unakuruhusu. Ukikuta ubavuni pako kijana wa shati jeupe ameshika yake na haitikisiki, msalimie, mpishe. Hana neno na wewe. Ila kama kuna mtu ulimpiga ukasema ni simba, usigeuke nyuma. Anakuona vizuri sana.