Mtu wa Jezi ya Sufi Kwenye Benchi la Kambare

Nianze na hili, usije ukasema nilikuficha. Yule mtu niliyemwona amekaa na dogo kwenye benchi alikuwa amekufa kabla mimi sijazaliwa.

Na nilimwona mchana kweupe, jua la Agosti linawaka, uwanja umejaa watu wanamenya karanga za kuchemsha.

Sikuwa nimelewa. Kazini huwa silewi, hata mke wangu atakwambia.

Naitwa Pruitt. Kazi yangu ni kuzunguka viwanja vya ligi ndogo za besiboli nikitazama vijana. Nikimaliza namwambia bosi nani anafaa kupanda ligi kubwa na nani ataishia hapo hapo na ndoto zake. Tunaitwa masikauti. Maisha yetu ni gari, moteli za barabarani, soseji za uwanjani na kimashine cha kupima mwendo wa mpira.

Msimu ule klabu yangu ilikuwa inamtolea macho dogo mmoja aitwaye Brannon Tisdale. Mrushaji, anatumia mkono wa kushoto, mrefu kupita mlango, mpole ajabu. Alikuwa anachezea timu ya Kambare wa Tolliver, kamji kadogo kusini mwa Georgia.

Bosi alinipigia simu akaniambia nikatazame mechi ya Jumapili, ikiisha nimpe neno moja tu, ndiyo au hapana. Nikisema ndiyo, dogo ananunuliwa jioni hiyo hiyo. Nikikosea, aliongeza, nisisumbuke kurudi ofisini.

Basi nikafika mapema, nikakaa nyuma ya wavu pale wanapokaa masikauti wote. Na bila shaka Mzee Ozell alikuwa ameshawahi kiti chake.

Ozell Rainey ni skauti wa klabu nyingine, amevuka sabini kitambo. Ndiye aliyenifundisha kazi. Mtani kweli kweli, akikutania anajipiga goti lake kwa kiganja halafu anacheka peke yake. Siku hiyo alinisalimia kwa kuniuliza kama bado sijafukuzwa tu.

Sisi wenzake tulikuwa tunamcheka kwa jambo moja. Kila Agosti lazima aje Tolliver, hata mwaka ambao timu haina mchezaji wa maana. Na lazima akae kiti kile kile, ambacho ukikaa unaliona benchi la Kambare lote, kona hadi kona. Ukimuuliza anasema anafuata karanga.

Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Dogo akirusha, kila mtu anamwona. Wewe mwangalie akikaa."

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kukodolea benchi.

Mechi ikaanza, na Brannon akaanza kuua watu. Mpira ukitoka mkononi mwake wapigaji wanazungusha gongo hewani, wanarudi wanatikisa vichwa. Kimashine changu kilikuwa kinasoma namba za kutisha. Moyoni nilishaanza kuitamka ile ndiyo.

Kwa usiyejua besiboli, mechi ina awamu tisa. Mrushaji akizimaliza zote bila mpinzani hata mmoja kupiga mpira wa kumfikisha salama kituoni, hiyo ni heshima ambayo wengi wanastaafu bila kuionja.

Na kuna mwiko wake. Mrushaji akiwa njiani kuipata, hakuna anayetaja. Hakuna anayemsemesha. Akirudi kwenye kibanda cha wachezaji anakaa peke yake mwisho wa benchi, wenzake wote wanasogea upande mwingine wanaangalia viatu vyao. Ukimgusa au ukimuuliza chochote, umemtia nuksi, na akipigwa, lawama zote zako.

Watu wazima, wana watoto na bima, wanaufuata mwiko huo kama kanisani. Mimi pia.

Kufika katikati ya mechi, benchi la Kambare lilikuwa limegawanyika. Timu nzima kule, Brannon huku peke yake na taulo begani.

Awamu iliyofuata nikatazama tena. Hakuwa peke yake.

Kulikuwa na jamaa amekaa ubavuni kwake. Kijana tu, amevaa jezi ya zamani, ile ya sufi nzito ya rangi ya maziwa, mikono imefika kwenye viwiko. Nikadhani ni mbwembwe za klabu, maana hizi timu ndogo hupenda siku za kuvaa jezi za babu zao ili kuvuta watu. Lakini sufi, kwa jua lile? Na wenzake wote walikuwa na jezi za kawaida.

Jamaa alikuwa anaongea. Amemwinamia dogo, anaongea mfululizo, na kwa mkono mmoja anausugua mkono wake mwenyewe wa kushoto kuanzia begani hadi kwenye vidole.

Brannon hakumjibu. Alikuwa ameangalia mbele, ametoa jasho kuliko kawaida.

Nikapandwa na hasira. Huyu mpuuzi ni nani, anavunja mwiko hadharani na kocha anamtazama tu?

Dogo akaenda kurusha. Namba kwenye kimashine bado zilikuwa za moto. Akarudi, akataka kunywa maji, chupa ikamponyoka. Akaiokota kwa mkono wa kulia. Jamaa alikuwa pale pale, sasa amekaa karibu zaidi, karibu kumgusa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayebembeleza.

Uzalendo ukanishinda. Nikamgusa Ozell.

"Mzee, nani yule wa jezi ya zamani anamtia nuksi dogo?"

Ozell hakugeuka. Alikuwa na karanga mkononi, akaishika tu.

"Yupi?"

"Yule aliyekaa naye. Haachi kuongea."

"Anafanya nini na mikono yake?"

Nikaliona hilo swali halina kichwa wala miguu, lakini nikamjibu. Nikamwambia anausugua mkono wake mwenyewe wa kushoto, kama vile unamuuma.

Karanga ikadondoka. Nimemjua Ozell miaka mingi, na sijawahi kuona uso wa mtu ukiishiwa damu vile.

Mzee mwenye magoti mabovu, anayepanda ngazi kwa kupumzika, aliinuka akakimbia. Alisukuma watu, akamwaga chai ya mama mmoja, akashuka hadi kwenye uzio ulio juu ya kibanda cha Kambare. Nikamfuata mbio, sijui hata namfuatia nini.

Akaushika wavu kwa mikono miwili, akapiga kelele uwanja mzima ukasikia.

"Brannon! Mkono wako unaendeleaje?"

Halafu matusi yakaanza. Mtu akaturushia kikombe cha barafu. Kocha akatoka kibandani amefura, anaita walinzi watuondoe. Mwiko ulikuwa umevunjwa na mtu ambaye kila mmoja pale alimheshimu.

Mimi nilikuwa namtazama dogo. Aliinua kichwa polepole akamwangalia Ozell.

"Siusikii," akasema. Na akaanza kulia, mtu mkubwa vile.

Daktari wa timu akaukunja mkono mrefu wa jezi. Mkono wenyewe ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, na rangi yake ilikuwa ya zambarau. Hakuna aliyekuwa ameuona, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekaa karibu naye.

Ubavuni kwake hapakuwa na mtu. Nilitafuta ile jezi ya sufi benchi lote, sikuiona.

Gari la wagonjwa likaingia hadi kwenye nyasi. Mrushaji aliyechukua nafasi yake alipigwa kwa mpira wake wa kwanza kabisa, heshima ikapotea, na watu wa Tolliver wakatutukana mimi na Ozell hadi kwenye maegesho.

Hospitalini walisema damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa chini ya mfupa wa bega. Warushaji hupatwa na hilo, kwa kuurusha ule mkono maisha yao yote. Kama donge lile la damu lingesafiri hadi kwenye mapafu, alisema daktari, dogo angefia pale pale alipokaa. Na kila mpira aliorusha ulikuwa unalisukuma.

Tulikaa kwenye korido, mimi na Ozell. Mwishowe akaongea akiangalia sakafu.

Alisema aliwahi kuichezea Kambare, enzi za ujana wake. Alikuwa mdakaji, yaani yule anayechuchumaa na kudaka mipira ya mrushaji. Mrushaji wake aliitwa Clete Bohannon, na hao wawili walikuwa chanda na pete. Enzi hizo, Georgia ile, mweusi na mzungu kula meza moja ilikuwa balaa, na walikula.

Agosti moja Clete akaanza kuiua timu pinzani, hakuna anayempiga. Ozell aliona mpira unamfikia umelegea kidogo. Alimwona Clete anausugua mkono. Alitaka kwenda kumuuliza, lakini ulikuwa mwiko, na Ozell ndiye aliyekuwa akiwafokea wenzake wakae mbali.

"Nikajisemea mechi ikiisha nitamuuliza," akaniambia. "Zamu yake ya kutoka ilipofika tukamwita, hakuinuka. Tulidhani anatania."

Nikamshika bega tu.

"Nimekuja hapa kila mwaka," akaendelea. "Nakaa pale, nalitazama lile benchi. Nilitaka anione. Sijawahi kumwona hata kivuli. Halafu anakutokea wewe."

Na hapo Ozell Rainey, mtani wa viwanja vyote vya kusini, akalia kwa sauti.

Kesho yake waliniruhusu kumwona dogo. Nilimuuliza kama kuna mtu alikuwa amekaa naye kwenye benchi. Akasema hapana, hakuona mtu. Akacheza na shuka.

"Ila kuna sauti," akasema. "Kila nikikaa inaniuliza, mkono unaendeleaje. Nikaogopa kujibu, nisije nikaharibu mambo."

Nikatoka nje kupata hewa.

Bosi nilimwambia hapana. Alinitukana kwa dakika kadhaa, halafu alipopata habari za hospitali akanipigia tena na kuniita mtu mwenye jicho la ajabu. Sikumbishia. Ningemwambia nini, kwamba jicho lenyewe lilikuwa limeona marehemu?

Ozell alifariki majira yale ya baridi, usingizini, nyumbani kwa binti yake.

Agosti iliyofuata nikaenda Tolliver. Sikutumwa. Nilikaa kwenye kiti chake na mfuko wa karanga ambazo hata sizipendi.

Brannon alikuwa amerudi. Walimtoa mfupa mmoja wa ubavu kuupa mshipa nafasi, na mpira wake haukuwa tena na kasi ile ya kutisha. Ligi kubwa labda hataiona. Lakini alikuwa anatafuna ubani, anacheka na wenzake.

Nilikuwa nimeapa kutolitazama lile benchi. Mazoea ni mabaya, nikalitazama.

Walikuwa wawili, kule mwisho kabisa. Mmoja ni yule wa jezi ya sufi. Mwingine kijana mweusi mwenye kinga ya kifuani ya mdakaji, amemgeukia mwenzake, wanapiga soga kama watu waliopoteana miaka.

Sikumjua kwa sura, maana sikuwahi kumwona akiwa kijana. Lakini yule mdakaji alisema jambo, akajipiga goti kwa kiganja, akacheka.

Machozi yalinitoka mbele za watu, na sikuyafuta.

Brannon alirudi kibandani kupumzika. Akaenda kule mwisho, akasimama kidogo kana kwamba anasikiliza. Kisha akasogeza glovu yake na taulo, akakaa akiwa ameacha nafasi ya watu wawili.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mtu akianguka sote tunakimbilia kumuuliza hali. Anayeshinda tunakaa mbali naye, tunasema tusimharibie. Kama una rafiki yako mambo yamemnyookea kuliko siku zote na amekaa kimya, mpigie leo. Muulize mkono unaendeleaje. Akikufokea kwamba umemtia nuksi, vumilia, atakuwa hai.