Simu ya Mama Vita Siku ya Matokeo

Wakenya wa Niboye, mtaa wa jiji la Kigali, walimjua Anyango kwa kicheko chake. Huko Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi, alikokatisha tiketi za mabasi ya Kampala na Nairobi, abiria waliisikia sauti yake kabla hawajafika dirishani, juu ya honi na kelele za wapagazi. Walimwita Mama Vita, kwa jina la mwanawe wa pekee, Vitalis. Lakini kila baada ya miaka mitano, kampeni zilipopamba moto kwao Kenya, kicheko kile kilikatika kama taa iliyozimwa, na watu wasiomjua vizuri walidhani ni mgonjwa.

Aliyejua sababu ni Wanjiku, mwalimu wa shule ya msingi, jirani yake katika ua mmoja. Walikuwa wamepanga nyumba mbili ndogo nyuma ya nyumba kubwa ya Gahongayire, mama wa Kinyarwanda aliyekulia Uganda na kurudi kwao baada ya mauaji ya kimbari. Siku moja, miaka mingi iliyopita, Anyango alimsimulia Wanjiku yaliyomfika Naivasha mwezi wa kwanza wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi kuvurugika. Alikuwa akifanya kazi katika shamba la maua. Walipokimbilia kituo cha polisi, mumewe Owiti alirudi nyumbani kuchukua blanketi za mtoto, na hakuonekana tena akiwa hai. Waliomuua walikuwa wa kabila la Wanjiku. Wanjiku alisikiliza mpaka mwisho, kisha naye akasimulia ya kwao Burnt Forest, karibu na Eldoret: nyumba ya baba yake ilivyochomwa mwezi uleule, na hema walilolala mwaka mzima. Baada ya hapo hawakulizungumza tena. Walipeana chumvi, walipeana funguo, wakaenda kanisani pamoja.

Mwaka 2022 walikwenda pamoja ubalozini Kigali kupiga kura. Kila mmoja alimjua mwenzake atampigia nani, na hakuna aliyeuliza. Mgombea wa Anyango aliungwa mkono na rais aliyekuwa akiondoka. Magazeti na kura za maoni zilisema atashinda. Mgombea wa Wanjiku alikuwa naibu wa rais huyohuyo.

Ikaja wiki ya kungoja. Fomu za kila kituo ziliwekwa mtandaoni, kila mtu akawa mhesabuji, kila kundi la simu likawa na rais wake. Mabasi ya Nairobi yaliondoka Nyabugogo yakiwa nusu tupu. Abiria waliinama dirishani wakamuuliza, "Mama, njia iko salama?" Naye akajibu, "Salama kabisa," bila kuamini mwenyewe. Maana Vitalis, sasa kijana wa miaka ishirini, alikuwa akisomea ufundi wa magari Eldoret, kitovu cha ngome ya yule naibu wa rais. Mgombea huyo akishindwa, Anyango aliwaza, hasira zitamwangukia nani kama si Mjaluo aliye karibu? Na akishinda? Hata kushinda kuna wanaocheza na panga mkononi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jumatatu ya matokeo ilikuwa sikukuu Rwanda, ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Walirudi kutoka misa, na Wanjiku akaenda kuchemsha chai. Redio ikasema matokeo yanatangazwa alasiri. Anyango akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akapiga simu Eldoret.

"Mama, huku ni shwari," Vitalis akamwambia. "Watu wanangoja tu. Uncle Charles ameniambia niende nile kwake jioni."

Charles alikuwa kaka yake Wanjiku, mwenye duka la vipuri pale Eldoret. Ndiye aliyemtafutia Vitalis chumba, na kila Jumapili alimlisha.

"Hata sisi Naivasha kulikuwa shwari," Anyango akasema. "Vita, nisikilize. Toka hapo sasa hivi. Panda gari la kwanza, nenda Kisumu kwa shangazi yako."

"Lakini Mama..."

"Nimesema toka! Na Charles usimwambie. Usimwambie mtu. Funga mlango uende."

Kijana akauliza polepole, "Uncle Charles naye nimkimbie?"

Anyango alijisikia aibu mpaka masikioni, lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu. "Nenda tu, mwanangu. Utanielewa ukiwa mzazi."

Akatoka, akaketi mbele ya televisheni ya Wanjiku, akapokea kikombe chake cha chai kana kwamba hakuna lililotokea.

Alasiri ikafika, matokeo yasitangazwe. Kwaya iliimba katika ukumbi wa tume ya uchaguzi kule Nairobi, ikaimba tena. Ghafla mambo yakageuka: watu wakapanda jukwaani wakisukumana, viti vikarushwa, mabalozi wakatolewa nje. Mara picha ikahamia hotelini, ambako wajumbe wanne wa tume, kati ya saba, walisema hawayakubali matokeo yanayokaribia kutangazwa. Na kabla Anyango hajameza hilo, mwenyekiti akasimama kule ukumbini, akamtangaza naibu wa rais kuwa mshindi, kwa tofauti ndogo mno.

Wanjiku alipiga makofi mara moja. Kisha akamwona mwenzake, akaishusha mikono yake mapajani.

"Wanne wanakataa, watatu wanakubali," Anyango akasema. "Shiku, waliohesabu wenyewe hawaaminiani. Mimi niliye huku nimwamini nani?"

"Hata mimi sijui," Wanjiku akajibu. "Nimempigia kura, lakini nikikwambia namwamini nitakuwa mwongo. Hawa wakubwa jana walikuwa maadui, leo wanakula sahani moja, kesho watagombana tena. Sisi ndio huwa tunachomewa nyumba." Kisha akauliza, "Vita amefika kwa Charles?"

"Yuko chumbani kwake," Anyango akasema. "Anasoma."

Uongo ule ulimtoka mwepesi. Akachukua simu akatoka uani kumpigia. Sauti ya kike ikamjibu kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Akampigia shangazi mtu kule Kisumu, naye akapokea akipiga kelele, kwamba kijana hajafika, kwamba mtaani Kondele kunawaka matairi, polisi wanarusha mabomu ya machozi, hakuna gari linaloingia mjini. Barabara anayopitia mtu atokaye Eldoret inaingilia palepale Kondele.

Anyango akachungulia televisheni ya Wanjiku kupitia dirishani. Eldoret, alikomtoa mwanawe, televisheni ilionyesha watu wakicheza barabarani na kupuliza vuvuzela. Kisumu, alikomkimbizia, moshi mweusi ulikuwa umefunika mzunguko wote wa barabara. Ndipo picha ikaingia kwenye simu, imetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu: kijana amelala kifudifudi kando ya mtaro, amevaa shati la mistari ya buluu. Vitalis alikuwa na shati la mistari ya buluu. Yeye mwenyewe alilinunua.

Ukelele alioutoa ulimfikisha Wanjiku mlangoni mbio. Akamnyang'anya simu, akaitazama picha ile.

"Si yeye. Mama Vita, nitazame! Hii niliiona uchaguzi wa elfu mbili na kumi na saba. Ni picha ya zamani, watu wanatisha watu tu. Na Vita yuko Eldoret, si umesema? Ngoja nimpigie Charles aende amwone."

"Usimpigie," Anyango akasema, lakini Wanjiku alikwisha kupiga.

Charles hakukawia. Alikwenda mpaka chumbani kwa kijana, akakuta kufuli. Kisha akapiga simu, na kwa kuwa Wanjiku alikuwa ameweka sauti ya nje, maneno yake yalijaa ua mzima: "Jirani yake anasema ameondoka mchana. Eti mama yake amemwambia akimbie, asiniambie mimi. Shiku, kwani nimemfanya nini huyu mtoto?"

Wanjiku akakata simu. Hakupaza sauti mwanzoni.

"Ulimwambia akimbie nani, Anyango?"

Miaka yote hakuwahi kumwita kwa jina lake. Siku zote ni Mama Vita.

"Niliogopa."

"Uliogopa nani? Charles? Charles aliyemtafutia chumba? Au mimi? Niambie, ukiwa umekaa kwangu unakunywa chai, ulikuwa unaniogopa na mimi?"

"Wewe hukuwa Naivasha!" Anyango akafoka. "Wale walionifungia njia walikuwa majirani zangu. Tulikuwa tunapeana chumvi vilevile. Watu wenu..."

"Watu wetu?" Sauti ya Wanjiku ikapasuka. "Na watu waliochoma kwetu Burnt Forest, waliokuwa upande wa mgombea wenu wakati ule, niseme ni watu wa nani?"

Mlango wa nyumba kubwa ukafunguka. Gahongayire akatoka amejifunga kitenge, wajukuu wawili wakimshika nguo nyuma. Hakuja kuamua ugomvi wala kutoa nasaha. Wapangaji wake hawakuwahi kumwona vile.

"Iko nini? Iko nini, bana banjye, watoto wangu? Mimi nasikia munasema watu wetu, watu wenu. Hapana. Hiyo maneno hapana hapa kwangu." Akawasukuma wajukuu ndani, akavuta mlango nyuma yake. "Mimi nawapenda. Lakini hiyo maneno ikikaa hapa, mimi nitawaomba mutoke. Wote wawili. Sitaki watoto wangu wasikie hiyo."

Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. Akarudi ndani, na komeo likasikika.

Wanjiku naye akaingia kwake, akafunga mlango. Anyango akabaki amesimama uani, simu mkononi, akiwa amempoteza mwanawe na rafiki yake na pengine nyumba yake, jioni moja, kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe.

Asubuhi alikwenda kazini hajalala. Nyabugogo palijaa kama kawaida, watu wakikimbilia mabasi ya Musanze na Huye wakiwa na magunia na watoto migongoni, kana kwamba dunia haikupinduka. Eddie, dereva aliyeingia alfajiri kutoka Kampala, alimwambia mpaka wa Busia uko wazi ila abiria wa Kisumu wanashushwa njiani. Anyango akamwomba mfanyakazi mwenzake ashike zamu yake, akaanza kujiandikia tiketi ya basi la mchana. Mkono ulikuwa ukikosea herufi za jina lake.

Kivuli kikaziba dirisha. Alipoinua macho alimwona Wanjiku, amevaa nguo zake za kufundishia, ana mkoba mdogo begani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Andika mbili," Wanjiku akasema.

"Shiku, hapana. Shule yako..."

"Nimeomba ruhusa. Bado nina hasira na wewe, Mama Vita, usidhani imekwisha. Lakini huyo mtoto nimemfundisha kusoma kwenye meza yangu. Andika mbili."

Anyango aliweka kalamu chini akalia, mbele ya foleni nzima ya abiria. Hakuwa amemaliza kulia simu ilipolia. Namba ngeni, ya Kenya. Hakuweza kuipokea. Aliogopa sauti atakayoisikia, sauti ya polisi au ya mtu wa hospitali. Wanjiku akapitisha mkono dirishani, akaichukua, akasikiliza. Kisha akaegemea ukuta.

"Ni yeye," akasema. "Anaongea."

Gari lilikuwa limewashusha abiria wote kabla ya Kondele, na Vitalis akajaribu kukatiza kwa miguu. Moshi ulimziba macho, watu walikimbia wakamwangusha, simu ikapotea, na jiwe la nani asijue likampata mguuni. Mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, alimvuta ndani ya kibanda chake, akamfunga mguu kwa leso, akamlaza pamoja na wanawe. Asubuhi ndipo alipopata mtu wa kumwazima simu.

"Pole, mwanangu. Pole," Anyango alikuwa akirudia.

"Mama," kijana akasema, na sauti yake haikuwa ya mtoto tena, "Eldoret hakuna aliyenigusa. Wewe ndiye uliyeniweka hapa."

Anyango akaichana tiketi aliyokuwa ameanza kuiandika.

Hawakusafiri. Jioni walimwendea Gahongayire pamoja, wakamwomba radhi. Aliwasikiliza, akawapa viti, na hakuzungumza tena juu ya kuhama. Ila kwa wiki kadhaa wajukuu wake hawakutumwa tena kuomba kiberiti kwa wapangaji. Charles alichukua muda mrefu zaidi. Anyango alimpigia mara tatu kabla hajapokea, na alipopokea alisema tu, "Kijana arudi masomoni, chumba chake kipo."

Mwezi wa tisa majaji wa mahakama ya juu waliithibitisha hesabu ya mwenyekiti, wote kwa kauli moja. Anyango alisikiliza hukumu hiyo kazini, kwenye redio ndogo. Hakuiamini na hakuikataa. Alichojua ni kwamba alikuwa amewaona wajumbe wa tume wakimkana mwenyekiti wao hadharani, na kwamba moyo wake hautatulia tena kwa sababu tu mtu mwenye joho amesema utulie. Lakini hakuna kilichowaka, si Kisumu si Eldoret, na kwa hilo alipiga ishara ya msalaba.

Krismasi Vitalis alikuja Kigali. Alikuwa amenenepa kidogo kwa mapishi ya mke wa Charles. Wote watatu walikula kwa Wanjiku, na Gahongayire akawaletea ndizi za kuchemsha na mchuzi wa karanga. Katikati ya mazungumzo kijana akaweka kijiko chini.

"Uchaguzi ujao nitakuwa nimeanza kazi," akasema. "Nitapiga kura hukohuko Eldoret, na nitabaki hukohuko. Nipigie simu kunisalimia, Mama. Usinipigie kuniambia nikimbie."

Wanjiku akatazama sahani yake. Anyango alisema amesikia. Hakusema atafanya hivyo, na Vitalis, aliyekuwa amekwisha kuvuta chapati nyingine, hakumbana zaidi.