Mke Wangu Yumo Kwenye Gemu ya Majambazi

Mke wangu Anastazia nilimzika mwenyewe. Udongo wa kwanza niliutupa kwa mkono huu huu ninaobofyea simu.

Msiba ukaisha, mvua zikaisha, alizeti zikavunwa.

Ndipo mchana mmoja nikamwona anagongwa na pikipiki, na vijana wanashangilia.

Sikuwa nimelewa. Pombe kwetu hatunywi. Wewe soma tu.

Naitwa Filipo Mughwai. Hapa Unyambwa wananiita Mzee Mughwai. Shule niliishia la tano, kwa hiyo nikikosea kuandika nivumilie. Nikikudanganya ndiyo unitukane.

Nina kibanda umiza. Mabati juu, mabati pembeni, mabenchi na skrini mbili. Siku za mpira tunaonyesha mpira, siku zingine vijana wanacheza gemu.

Anastazia alikuwa anauza vitunguu sokoni mjini. Aliuawa na tumbo.

Hapana. Ngoja niseme vizuri. Aliuawa na gari ambalo halikutembea.

Tulikuwa tumeenda msibani kijijini kwao, tumbo likamshika. Nikamkimbiza kituo kimoja cha afya, sikitaji. Gari la wagonjwa lipo, limeoshwa, linang'aa. Nikaambiwa mafuta hakuna.

Nikamuuliza mkubwa wa pale, "Sasa linaoshwa la nini?"

Akanijibu, "Mzee, punguza jazba. Suala lako tunalifanyia kazi."

Walilifanyia kazi mpaka akafa.

Haya. Turudi kwenye gemu.

Kuna tamthilia vijana wa huku waliipenda sana, Wababe wa Kindai. Ni ya majambazi wa hapa Singida. Tajiri mmoja anaitwa Sultani anateka maroli ya vitunguu, mdogo wake anamgeuka, wanauana mpaka basi. Hata mimi niliionyesha, benchi zikajaa.

Sasa kuna vijana wa Dodoma wakaigeuza ikawa gemu. Yaani jambazi unakuwa wewe. Na mji wote umeachwa wazi. Unaingia kichochoro chochote, unaiba pikipiki yoyote, na ya Sultani ukiamua unaachana nayo, unazurura tu.

Aliyeileta kwangu ni Mselemu. Ni dereva bodaboda, mdomo mkubwa kuliko injini yake, ila mteja wangu namba moja.

"Mzee Mughwai, shikamoo. Weka hii kitu kwenye kompyuta. Kesho utaongeza benchi."

"Marahaba. Ina matusi?"

"Mzee, ni majambazi! Unataka waimbe kwaya?"

Nikaweka. Na kweli benchi zilijaa.

"Oya, cheki soko! Si ndiyo soko letu hili?"

"Cheki yale mawe! Duh, jamaa wametisha!"

Mselemu akawasha pikipiki ya wizi, akaingia nayo sokoni kama amerogwa. Akamgonga mama mmoja muuza vitunguu.

Vitunguu vikatawanyika barabarani, kila kimoja kikabingirika njia yake. Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko.

Yule mama akainuka, akajipangusa, akasema, "Wewe kijana, kwenu hakuna mama?"



Sauti ile nimelala nayo nyumba moja miaka yote ya utu uzima wangu. Kile kitambaa cha kijani cha kichwani, fundo limewekwa ubavuni kwa sababu nyuma linamuumiza akijitwika. Ule mguu wa kushoto anaoutanguliza akiinuka.

Nikakata umeme.

"Mzee! Luku imeisha?"

"Imeisha," nikasema. "Nendeni."

Nilipobaki peke yangu ndipo nikakumbuka. Kuna siku alirudi nyumbani anacheka. "Leo vijana wa kamera wamenizungusha sokoni kama wananipima suti. Picha mbele, picha nyuma. Wananiambia ongea mama, ongea chochote. Wamenipa soda."

Nikamwambia, "Umedanganywa."

Akasema, "Soda iko tumboni. Huo udanganyifu uko wapi?"

Kumbe walimchukua mzima mzima wakamweka mule.

Kesho yake nikafungua mchana, saa ambazo hakuna mteja. Upepo unapiga mabati kama unadai kuingia. Nikashika padi ya kuchezea. Vidole vyangu ni vya jembe, jambazi wangu akawa anatembea kama mlevi, anagonga kuta, anasalimiana na nguzo.

Nilimtembeza kwa miguu. Sikuiba kitu.

Nitakuambia ukweli kuhusu ile gemu, maana wengi huwa wananiuliza kama ni nzuri.

Uzuri wake, mji ni wetu. Mawe yale makubwa wameyapanga vilevile, mpaka lile ambalo watoto wanateleza. Maji ya ziwa Kindai yanameta ile rangi ya jioni. Kuku wanavuka barabara kwa dharau. Na haikuburuzi kama tamthilia. Tamthilia inakwambia kaa, tazama, lia hapa. Gemu inakuacha uende unapotaka wewe, na mimi nilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Ubaya wake, upepo hawakuweka. Singida bila upepo ni picha ya kalenda. Halafu Sultani wa tamthilia alikuwa mtu, unamwogopa na unamhurumia. Huku wamemfanya wa kufyatua risasi tu, hana hata sentensi ya maana.

Na ukimpiga mtu kwenye ile gemu, gari la wagonjwa linafika kabla hujamaliza kukohoa.

Hapo nikajua waliotengeneza hawajawahi kuuguza mtu huku kwetu.

Nikafika sokoni. Yupo. Amekaa nyuma ya fungu lake.

Ukimsogelea bila silaha anasema, "Chagua mwenyewe. Vya chini ndiyo vizuri."

Nikasimama. Sijui nibofye nini. Nikakaa vile vile namtazama, yeye anapanga vitunguu, anapangua, anapanga.

Akainua uso.

"Umesimama sana. Hujala?"

Ndugu msomaji, padi ilinidondoka.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yangu. Mchana nafungua, naenda sokoni, nasimama. Ananiuliza kama nimekula. Namjibu. Namweleza mbuzi amezaa, paa linavuja, mtendaji kapita kuchangisha tena. Yeye anapanga vitunguu.

Shemeji yangu Felista, mdogo wake marehemu, akanifuma.

"Shemeji, unaongea na nani humu?"

Nikamwonyesha skrini. Akajishika mdomo. Akalia, nikamwacha alie. Alipomaliza akasogea karibu, akaangalia kwa makini kama mtu anayekagua mahindi kabla ya kununua.

"Siyo yeye."

"Felista, macho huna?"

"Dada hakuwa mpole hivi. Angekuwa yeye, angeshakuuliza hilo shati umelivaa tangu lini."

Nilimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akaondoka akisema, "Maiti hatembelewi kila siku shemeji. Mwache apumzike."

Sasa tatizo likawa vijana.

Mimi mchana namtembelea, wao jioni wanamgonga. Walikuwa hawagongi mtu mwingine. Wale wengine ukiwagonga wanaanguka tu kama magunia. Yeye ana vitunguu, na vitunguu vile vinabingirika vizuri kweli. Utundu wote wa mafundi wa ile gemu uko pale, kila mtu anausifia. Mimi nimekaa mlangoni napokea hela, nasikia, "Mgonge tena! Mgonge tena tuone!"

Nikabandika karatasi ukutani: NI MARUFUKU KUGONGA MAMA WA VITUNGUU.

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Mzee," Mselemu akasema, "gemu ya ujambazi una marufuku? Basi weka na saa ya ibada."

"Kibanda changu, sheria yangu."

"Kwani yule mama ni nani yako?"

Ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikawaangalia wale watoto wa watu, meno nje, nikaona nikisema watacheka, na wakicheka nitaua mtu wa kweli.

"Si mtu," nikasema. "Kelele zimezidi."

Wakaendelea kumgonga.

Basi nikaamua kwenda juu. Ndivyo tulivyofundishwa, si ndiyo? Ukionewa nenda kwa wakubwa. Mwanzo wa gemu kuna namba ya simu ya mafundi wake. Nikawatumia ujumbe wa sauti kwa hasira zangu zote.

"Ninyi vijana. Yule mama wa vitunguu ni mke wangu na ni marehemu. Anagongwa kila siku na wahuni na ninyi mnakula hela. Komesheni jambo hilo!"

Akajibu anayeitwa Abdulmajidi. Sauti ya adabu, kijana aliyelelewa.

"Shikamoo mzee wangu. Pole sana, hatukujua kama mama alitangulia. Naomba utusamehe. Tutalifanyia kazi."

Nikacheka peke yangu. Tutalifanyia kazi! Nikaitupa simu kitandani. Neno hilo nalifahamu, lina kaburi kijijini kwa wakwe zangu.

Nikaendelea kwenda sokoni kama kawaida. Nimesimama. Nimekula. Paa bado linavuja.

Halafu siku moja kompyuta ikaleta maandishi kuwa kuna apdeti. Nikabofya kubali, maana huwa sijui kubofya kingine.

Nikaenda sokoni.

Mama wa nyanya yupo. Mzee wa kuku yupo.

Fungu la vitunguu lipo. Nyuma yake hakuna mtu.

Nikazunguka soko lote. Nikaenda stendi. Nikaenda mpaka ufukweni Kindai, nikaangalia nyuma ya mawe kama mtu anayetafuta mbuzi. Hayupo.

Nikampigia Abdulmajidi.

"Yuko wapi?"

"Mzee shikamoo! Umeona? Tumemtoa mama kabisa. Hatasumbuliwa tena."

"Nani kakwambia umtoe?"



"Mzee... si wewe ulisema tukomeshe?"

"Wakomeshe wao! Yeye mrudishe!"

"Mzee wangu, picha zake tumeshazifuta zote. Ndiyo utaratibu wetu, ndugu akilalamika tunafuta. Tulijua tunakuheshimu."

Nikakaa chini kwenye benchi.

Maisha yangu yote nimelalamika. Kisima, barabara, pembejeo, lile gari lililooshwa. Hakuna aliyewahi kunisikia. Wamekuja kunisikia mara moja tu, na siku hiyo wakamchukua mke wangu.

Jioni vijana wakaja. Sikuwa na nguvu ya kuwafukuza. Mselemu akaingia sokoni na pikipiki yake ya wizi.

"Aah! Mama katolewa! Wameharibu gemu hawa."

Akasimamisha pikipiki karibu na lile fungu, anashangaa.

Ndipo spika zikasema, taratibu:

"Jina langu Anastazia."

Kwenye skrini hakuna mtu. Vitunguu tu, na kivuli cha turubai.

"Nimesema vizuri? Basi naomba niende. Mzee wangu hali mpaka nifike."

Mwe! Benchi zilianguka. Vijana wakatokea mlangoni wanne wanne, mmoja kaacha ndala. "Jini! Gemu ina jini!"

Maneno yale sikuwahi kuyasikia kabla. Alipokuwa na mwili mule walimchagulia ya kusema. Wamemtoa mwili, yamebaki hata yale ambayo hayakuwa ya gemu, aliyoyasema siku ile ile amesimama pale juani na soda yake, anawahi nyumbani.

Anawahi kwangu.

Niligeuka, uso umelowa. Aliyebaki ni Mselemu, ameganda na simu mkononi.

"Mzee... Anastazia si ndiye..."

"Ndiye."

Akatazama skrini. Akatazama ile karatasi yangu ukutani.

"Si ungesema mzee wangu. Wallahi si ungesema." Kisha akaangalia simu yake kama imemuuma. "Na nimeshawaripoti. Nimewaandikia sasa hivi gemu ina sauti ya mzimu."

Kabla sijamjibu, simu yangu ikaita. Abdulmajidi. Nikaweka sauti ya nje.

"Mzee shikamoo, samahani tena. Tumepata taarifa kutoka huko kwenu. Inaonekana picha tulitoa ila sauti za mama zilikuwa zimehifadhiwa kwingine, zikabaki. Ni kosa letu. Kwako inasikika? Ukithibitisha tu, leo leo tunasafisha."



Mselemu ananitazama. Anatikisa kichwa polepole: usiseme.

"Kwangu?" nikasema. "Kwangu hakuna kitu. Gemu iko safi kabisa."

"Una hakika mzee? Maana huyu ndugu anasema wamekimbia."

Mselemu akadaka simu. "Broo, ni mimi niliyeandika. Samahani bana. Nina malaria, naweweseka. Hakuna sauti wala nini."

"Sawa. Ugua pole. Mzee, kuna lingine unataka tulifanyie kazi?"

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Msiguse kitu."

Ile kompyuta sijaiwekea bando tena mpaka leo, isije ikaleta apdeti nyingine. Kibanda kimepoa, vijana wanasema kina mzimu, wanacheza kwa jirani. Mselemu ndiye bado anakuja, anacheza mtaa wa stendi tu. Akifika karibu na soko anashuka kwenye pikipiki, anatembea kwa miguu.

Sasa wewe uliyefika mpaka hapa, beba hili moja kutoka kwa mtu aliyelipata kwa gharama. Ukipeleka kilio chako kwa wakubwa, usiwatajie kinachokuuma peke yake. Waambie na unachotaka kibaki. Kuondoa wanajua sana. Kubakiza hawajui.

Na kama kuna mahali walikosea, kosa lenyewe likakuachia angalau sauti ya mtu wako, nyamaza. Usiwasaidie kusahihisha.