Maharage ya Nikodemo

Kibuyu cha mbegu kilikuwa kikining'inia juu ya mafiga tangu enzi za baba yake Nikodemo, cheusi kwa moshi, mdomo umezibwa kwa gunzi. Kila mtu aliyeishi kwenye mteremko ule, chini kidogo ya Irente, alikijua. Ndani yake mlikaa maharage madogo yenye madoa mekundu, ambayo hayakuwa na jina la dukani. Watu waliyaita maharage ya Nikodemo tu, kama kabla yake yalivyokuwa maharage ya baba yake. Aliyepungukiwa na mbegu alikuja kuomba. Alipimiwa kwa kikombe, akaenda kupanda, na baada ya mavuno alirudisha kikombe kimejaa mpaka juu. Hakuna aliyeuza mbegu kilimani. Kuuza mbegu ilikuwa kama kumuuzia jirani maji ya kunawa msibani.

Mwezi wa Machi mwaka huu, Nikodemo na mkewe Dorkasi waliyala maharage yale yote.

Chanzo chake kilikuwa pilipili hoho. Miaka miwili nyuma alikuja mchuuzi mmoja, Jafari, na gari lake la mizigo, akasimama juu ya matuta ya Nikodemo na kucheka. "Mzee, maharage hayajamjengea mtu nyumba. Panda hoho. Dar wanakula hoho kama wamerogwa." Mteremko mzima ukapanda hoho. Waling'oa migomba, wakang'oa viazi vikuu, wakaacha maharage. Msimu wa kwanza pesa ilionekana, watu wakaezeka mabati. Msimu wa pili hoho zilijaa kila soko, Jafari hakupokea tena simu, na zile hoho zikaozea kwenye matenga kando ya barabara, harufu yake ikiingia mpaka kanisani. Kilima ambacho zamani kilishusha chakula kwa watu wa tambarare sasa kilikuwa kinapandishiwa unga kwenye mifuko ya nailoni, na kila mwezi mfuko ule ule ulipanda bei.

Basi Machi ikawakuta hawana kitu. Dorkasi alikishusha kibuyu mwenyewe, akamwaga maharage kwenye ungo, akayapepeta. Walikula siku nane. Siku ya tisa alikiosha kibuyu, akakirudisha kwenye kamba yake, kitupu.

Septemba ikaja na Sikukuu ya Mavuno. Kwa miaka thelathini na minne Nikodemo ndiye aliyetangulia kwenda madhabahuni na kikapu cha maharage kichwani, mwanamume mzima akibeba kama mama, na hakuna aliyemcheka. Nyuma yake walifuata wengine na mikungu ya ndizi, kuku, mayai, magimbi. Siku hizi wengi wanatoa bahasha, na vijana wanatuma kwa simu huku wameketi.

"Na wewe toa bahasha," alisema Dorkasi. "Tia hata elfu mbili."

"Bahasha imevunwa shamba gani?"

"Basi nenda mikono mitupu. Mungu anajua tulivyopitia."

"Mungu anajua. Kristian hajui."

Dorkasi akacheka, kicheko kikavu. Kristian alikuwa mwalimu mstaafu na mnadi wa vitu vya sadaka baada ya ibada, mtu mwenye ulimi ambao hata mchungaji aliuogopa.

Wiki ile mwana wao Heri alikuwa ametuma pesa kutoka Morogoro, za unga, mafuta na dawa ya presha ya mama yake. Nikodemo akazichukua, akavaa koti, akashuka Lushoto mjini. Hakwenda sokoni. Sokoni kila mwenye kigunia angemwuliza, akimwita kwa Kisambaa kama mwanamume mzima anavyoitwa: Mgoshi, na wewe unanunua maharage? Akaingia supamaketi, mahali ambapo mtu haulizwi kitu wala hasalimiwi, anajichukulia mwenyewe kama mwizi aliyeruhusiwa.

Alizunguka muda mrefu kati ya rafu. Alisoma bei ya mafuta, akaisoma tena akidhani macho yamemdanganya. Bei ya sukari ilikuwa imebandikwa juu ya bei nyingine iliyobandikwa juu ya nyingine. Hatimaye akayaona: maharage ya madoa mekundu, makubwa kuliko ya kwake, yanang'aa ndani ya plastiki, kila pakiti kilo moja. Alichukua pakiti tatu. Binti wa kwenye mashine ya malipo hakumwangalia usoni. Alisema tu, "Elfu kumi na tatu na mia tano," na Nikodemo akatoa.

Jioni Dorkasi alimwona akichana pakiti na kuyamimina kwenye kikapu.

"Unga uko wapi, Baba Heri?"

Nikodemo alichukua majivu kidogo ya mafigani, akayapakaa maharage ili yasing'ae, kama mbegu zinavyotiwa majivu zisiliwe na wadudu. Plastiki aliichoma. Dorkasi alisimama akaitazama ikijikunja motoni, kisha akaenda kulala bila kula, maana cha kula hakikuwepo.

Jumapili alitangulia tena. Kikapu kichwani, mgongo umenyooka, kwaya ikiimba. Hoho, karoti, bahasha; katika safu nzima maharage yalikuwa yake peke yake. Mchungaji alipoyaona alitabasamu, na Nikodemo akasikia joto kifuani, joto la zamani.

Baada ya ibada mnada ukaanza nje, kwenye majani. Kristian aliinua jogoo. "Huyu amewahi ibada kuliko nyie wote! Elfu kumi na tano!" Mtu akajibu elfu saba, watu wakacheka, jogoo akaenda kwa elfu nane. Zamani jogoo wa sadaka angepanda bei mpaka watu wapige makofi. Sasa kila mmoja alikuwa anapiga hesabu ya mfukoni kabla ya kufungua mdomo.

Kikafika kikapu. Kristian akachota maharage kwa kiganja, akayaangalia.

"Mgoshi, mwaka huu haya maharage yamekula nini? Yamenenepa kuliko mwenyewe!"

Watu wakacheka. Nikodemo naye akacheka. "Mbolea," alisema.

"Haya, maharage ya Nikodemo, mnayajua! Nani anaanza?"

"Elfu tatu," ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Evelina, mjane wa jirani, mwenye watoto watatu na kipande cha shamba kisichozidi uwanja wa nyumba. Mtu mmoja akasema elfu tatu na mia tano. Evelina akainuka.

"Niachieni, ndugu zangu. Nayataka ya mbegu. Sisi wote tulizitupa za wazee wetu, huyu baba amezitunza. Nina elfu nne, sina zaidi."

Yule aliyemzidi akarudisha mkono chini, na Kristian, mwenye ulimi ule, hakutania. "Elfu nne. Chukua, mama."

Evelina alifungua ncha ya kitenge, akahesabu sarafu. Kisha akaja na kikapu mpaka mbele ya Nikodemo, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba. Ahsante kwa kututunzia."

"Marahaba."

Dorkasi alikuwa amesimama hatua mbili tu. Alimtazama mumewe, akangoja. Nikodemo alifungua mdomo. Watu walikuwa wengi, Kristian alikuwa karibu, na miaka thelathini na minne ilikuwa imesimama nyuma yake.

"Panda mapema," alisema. "Mvua ikigusa tu."

Njiani kurudi, Dorkasi alisema, "Kamwambie leo, kabla ya mvua."

"Kesho."

Kila siku ilikuwa kesho. Alijiambia huenda zikaota. Punje ni punje, Mungu hana supamaketi. Aliwahi kufika mpaka kwenye uzio wa Evelina, akamkuta na watoto wanavunja madongoa, akawasifia matuta, akageuka. Nyumbani walikula magimbi ya kuomba, na Dorkasi alikuwa anameza dawa nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi.

Mvua za vuli ziligusa katikati ya Oktoba. Evelina alipanda siku ile ile, kama alivyoambiwa. Siku ya saba Nikodemo alipita akaona udongo mtupu. Siku ya kumi, miche michache, myembamba, imesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Siku ya kumi na mbili alimkuta Evelina amechutama, anafukua kwa kidole. Alipomwona akainuka haraka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua kiganja. Mlikuwa na punje tatu, zimevimba, zimekuwa uji ndani ya ngozi.

"Nimekosea wapi, baba? Nimefukia chini sana? Watoto wanasema nina mkono mbaya tangu baba yao afe. Nimemwomba Mungu anisamehe, sijui nimemkosea nini."

Hapo Nikodemo hakuweza tena. Alimwambia yote pale pale, amesimama tutani: kibuyu kitupu, hoho, supamaketi, majivu. Alisema harakaharaka, bila kumtazama. Alipomaliza alikuwa akingoja matusi. Aliyatamani.

Evelina aliyatazama yale maharage kiganjani.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "ningeyapika. Jumapili ile nilirudi na kikapu kimejaa, watoto wakayaona, wakalia wanataka. Nikawaambia hayaliwi, ni mbegu. Tulilala na chai ya rangi."

Kisha akachutama tena, akaendelea kufukua, akitenga zilizooza na zile ambazo bado zilikuwa ngumu, akizitia hizi ngumu kwenye ncha ya kitenge, moja moja.

Nikodemo alipandisha mteremko kurudi nyumbani. Dorkasi alikuwa ameona yote kutoka mlangoni.

Asubuhi yake Nikodemo alishuka na ndoo kisimani, akakutana na Evelina kwenye njia nyembamba inayokatisha migomba iliyobaki. Evelina alimpisha, akasogea pembeni kwenye umande kama anavyopishwa mtu mzima, akashika vizuri dumu lake kichwani. Nikodemo alipunguza mwendo. Marahaba ilikuwa tayari mdomoni.

Mwanamke yule akapita.