Pembe ya Ramani Aliyoishika Mama

Usiku ule sikupelekwa kitandani na usingizi, nilipelekwa na hasira. Nilikuwa nimegombana na watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona kwa macho, nikajitoa kwenye kundi lao la simu, nikazima taa na kujifunika gubigubi. Arobaini ya mama yangu ilikuwa imesomwa wiki ile ile, na nyumba ilikuwa bado inanukia pilau na ubani.

Mimi si mtu wa ndoto. Dada zangu wakiota nyoka, asubuhi wanapigiana simu mpaka salio liishe. Mimi nikiota, naota nimesahau kufunga duka. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyatafuta, na mtu akitaka kucheka acheke tu, ila aniache nimalize.

Nina duka la steshenari hapa Kondoa. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nauza madaftari. Siku moja aliingia dukani Mama Shabani, jirani yetu, mjane wa mzee aliyekuwa msimamizi wa barabara enzi zile, akiwa na boksi kubwa la ramani za barabara alizoachiwa na mumewe. Panya walikuwa wameshaanza kuzila. Aliniuliza kama kuna mtu anazitaka, la sivyo azitie moto. Nikamkumbuka Rahma, mwalimu aliyewahi kufundisha sekondari hapa kwetu na sasa yuko Arusha. Yeye na wenzake wanakusanya ramani za barabara za zamani. Unawapigia picha ramani, wao wanailaza juu ya picha ya nchi ilivyo leo, wanaandika majina ya vijiji, halafu wanaiweka mtandaoni mtu yeyote aione bila kulipa. Wenyewe hawalipwi chochote. Nilimwambia Rahma kwamba nyie watu hamna kazi ya kufanya. Akacheka, akaniingiza kwenye kundi.

Mama ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Ramani zile zimebandikwa kwenye kitambaa, na zimekaa zimekunjwa miaka na miaka. Ukiitandaza mezani inajikunja yenyewe. Basi mimi nasimama juu ya stuli na simu, mama anakaa kwenye kiti chake cha plastiki na kuibana ramani kwa viganja. Hakujua kusoma. Kila ramani alikuwa anauliza, "Na hii ni ya wapi?" Namtajia. Anatikisa kichwa, anashika tena. Picha zangu zote za mwanzo zina vidole vyake pembeni. Rahma huvikata kabla ya kuziweka mtandaoni, maana ndio utaratibu wao: ramani ibaki peke yake.

Mama alikuwa na lake kwenye kazi ile, na sote tulilijua, hata Rahma na kundi lake. Kaka yangu Issa alikuwa utingo wa lori. Mimi nilikuwa mdogo sana lori lao lilipopinduka kwenye mteremko, masika, kwenye ile barabara ya zamani ya milimani. Mvua ilikuwa imekata njia pande zote mbili, kwa hiyo watu wa huko wakamzika siku ile ile. Dereva alipoweza kufika kwetu alisema, "Tumemzika Kwa Sungi, mteremko unapoanza, kabla hujaingia kijijini." Baba alikuwa ameshafariki. Mama hakuwa na njia ya kwenda, na kabla hajaipata, serikali ikajenga barabara mpya bondeni na ile ya milimani ikafa.

Baadaye alikwenda. Kila alipopata nauli alikwenda Kwa Sungi, anapita nyumba hadi nyumba akiuliza kaburi la kijana wa lori. Hakuna aliyejua. Nakumbuka safari niliyomsindikiza. Alisimama katikati ya kijiji, akazunguka akitazama, akasema, "Mbona hapa hapana mteremko?" Tukamwambia dereva alikuwa amechanganyikiwa siku ile. Hakubisha. Alitaka kitu kimoja tu, asimame kwenye kaburi la mwanawe amsomee dua, na akafa hajakipata.

Jioni ile, kabla sijalala, Rahma alikuwa ametuma ujumbe kwa furaha, na vipicha vya makofi juu. Kumbe walioandika ramani ya zamani waliuliza kijiji hiki ni cha nani, wakajibiwa ni cha Sungi, jumbe wa pale, wakaandika Kwa Sungi. Barabara ilipohamia bondeni, jumbe akahama na baadhi ya watu wake kuifuata, na jina likahama naye. Kijiji cha kwanza kikarudi pori. Kwa Sungi ya kaka yangu iko juu, milimani, mahali pasipokaa mtu leo, na mteremko upo, umechorwa. "Tumempata, mama!" aliandika Rahma. Wenzake wakapongeza mmoja baada ya mwingine.

Niliwajibu vibaya. Niliandika kwamba wameipata wakati mwenye kuitaka yuko chini ya udongo, na ramani zao wakazifungie vitumbua. Nikampigia Mama Shabani aje asubuhi achukue boksi lake, na nusu ya ramani zilikuwa bado hazijapigwa picha. Halafu ndio nikalala.

Niko dukani. Ni mchana, na nje mvua inanyesha lakini mabati hayatoi sauti. Mama amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, amevaa ile kanga ya kwendea hospitali. Najua amekufa. Najua vizuri kabisa, kama mtu anavyojua leo ni siku gani, wala sishtuki.

"Hawa," ananiambia, "inajikunja."

Mezani kuna ramani. Nilitaka kumuuliza maswali mia, lakini mdomo ulikuwa mzito, nikaona nipande stuli kwanza nipige picha. Nikaweka mguu. Stuli ilikuwa ya chuma, imelowa, na ilikuwa kidato cha kupandia lori. Mkono ukanyooshwa kutoka ndani, nikaushika, nikavutwa juu.

Kaka Issa. Alikuwa kijana, kijana kuliko mwanangu wa mwisho. Shati lake lina madoa ya oili, hana jeraha hata moja. Mimi mwenye mvi na magoti mabovu nimekaa kando yake, na yeye ananitazama kama ule wakati alipokuwa akirudi safari na kipande cha muwa kwa ajili yangu.

"Kadogo," akaniita. Hakuna mtu aliyebaki duniani anayeniita hivyo. Nililia pale pale, mbele ya dereva.

Lori linapanda. Njia ni nyembamba, ya udongo mwekundu, na ninaitambua kila kona kwa sababu nimeipiga picha. Hapa daraja la magogo. Hapa kisima. Pembeni mwa njia wamesimama watu, wengi, wanawake kwa wanaume, wameloa. Tukiwapita wanainua mikono na kusema kitu. Nafungua kioo nisikie. Wanauliza njia. Mmoja anauliza kwa nani, mwingine anauliza wapi palikuwa na shule, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anauliza neno moja tu, "Wapi?" Nikamgeukia Issa, nikamwambia, "Simamisha." Akasema lori halina breki. Aliongea kwa upole, hakuna aliyeogopa.

Halafu tumesimama. Sikumbuki kusimama. Tuko mwanzo wa mteremko, na lori halipo tena.

"Ndipo hapa?" nikamuuliza.

Issa alikuwa anamtazama mama, ambaye yuko mbele yetu anapanda kilima peku, mama ambaye mwaka wake wa mwisho alikuwa hafiki msalani bila kushikwa mkono. Anapanda haraka. Namfuata nikihema. Namwita, hageuki.

Juu kuna watu wameinama, wametandaza shuka juu ya shimo na kulishika kwa pembe, kama wanavyofanya wakati maiti inashushwa. Wanawake kwetu hatuendi makaburini siku ya maziko. Jambo hili nimelisikia tu kwa wanaume. Nikasogea, na shuka lile lilikuwa ramani. Nyuma yake kitambaa, mbele mistari myekundu ya barabara. Na wale walioishika niliwajua, ingawa zaidi ya Rahma sijawahi kuwaona. Rahma. Mzee wa Tabora aliyestaafu posta, ambaye huandika kila kitu kwa herufi kubwa kama anagomba. Kijana wa Mbeya wa vichekesho. Wamelowa chapachapa na hawaachii.

Pembe moja haikuwa na mtu. Ilikuwa inapigwa na upepo, na maji yalikuwa yanaingia shimoni.

Mama akaishika. Aliishika kama alivyokuwa akishika dukani, kidole gumba juu, vinne chini. Akanitazama.

"Njoo, mkono umenichoka."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, na hayakutoka maneno mazuri. Nilimpigia kelele mama yangu. Nilimwambia, "Kwa nini hukuningoja? Nimekutafutia, nimekupatia, na wewe hukungoja! Nifanye nini na kaburi mimi? Nani alikuwa analitaka kama si wewe?" Nililia mpaka kifua kikauma, na wale watu wa kundi walikuwa wanatazama chini kwa adabu.

Mama aliniacha nimalize. Hata katika uhai wake alikuwa hivyo, anakuacha umalize.

"Mimi nimeshafika, Hawa," akasema. "Wengine bado wanauliza njia."

Akabonyeza kidole gumba pembeni mwa ramani, akakikandamiza pale kama mtu anayetia dole gumba kwenye karatasi ya serikali. Nikanyoosha mkono. Pembe ilikuwa nzito, imejaa maji, nikaishika kwa vidole vyote. Nilipoinua macho kumwambia nimeshika, hakuwepo. Issa naye hakuwepo. Nilisikia honi ya lori, mbali, upande wa pili wa mlima, ikipigwa kama wanavyopiga madereva wakikaribia nyumbani.

Niliamka nimeshika pembe ya shuka la kitanda. Nilikuwa nimelishika kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi, na mto ulikuwa umelowa. Nje jogoo wa Mama Shabani alikuwa ameanza fujo zake.

Nikachukua simu, nikaitafuta picha ya ramani ile, ile niliyoipiga mwenyewe, kabla Rahma hajaikata. Nikaikuza.

Kidole gumba cha mama kiko pale, chenye ile kucha iliyoharibiwa na pasi ya mkaa. Kiko nje kidogo ya mstari wa ukingo wa ramani. Na ndani ya mstari, kando kabisa ya kucha, pameandikwa Kwa Sungi kwa herufi ndogo, na mistari ya mteremko inaanzia hapo hapo.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikasimama juu ya stuli nikifuta picha za zamani, na mama akawa amekaa tu na mkono wake kwenye ile pembe. Alilalamika. Alisema mkono unamuuma. Nikamwambia, "Vumilia mama, usiachie." Akavumilia. Hakuachia. Mwanawe alikuwa pale kando ya kidole chake, na hakuna kati yetu aliyejua.

Labda macho yangu yaliona siku ile na akili ikaweka akiba. Wanaosema hivyo sibishani nao. Mimi nililia tena, kilio cha peke yangu sasa, cha mtu aliye macho, na hiki kiliuma kuliko kile cha ndotoni kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunisubiri nimalize.

Kulipokucha nilimwandikia Rahma. Sikujua kuomba radhi kwa ujumbe wa simu, nikaandika hivi: "Shule ikifungwa twende mlimani, mimi na wewe na atakayetaka. Na ile ramani ya Kwa Sungi, itoe. Weka ambayo hukuikata. Kidole kibaki." Alijibu upesi, nadhani naye hakuwa amelala. Aliandika, "Sawa mama. Kitabaki."

Nilikuwa bado nafungua milango ya duka Mama Shabani alipofika na kitoroli cha kubebea boksi. Tukasalimiana. Akaniangalia macho yaliyovimba. Akainama kulibeba.

"Liache hapo," nikamwambia. "Keti kwenye kile kiti."

"Kiti cha marehemu?"

"Hicho hicho." Nikatoa ramani ya kwanza iliyobaki, nikaitandaza mezani, na papo hapo ikaanza kujikunja. "Shika pembe, dada. Mimi napanda stuli."